Retina Ikibanduka kwa Mtoto Njiti: Tunahesabu Siku, Hatuhesabu Miezi

(Hotuba iliyotolewa Nairobi mbele ya wauguzi wa wodi za watoto wachanga, matabibu, madaktari na wazazi. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokuwa zamu. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Wauguzi, matabibu, madaktari, kina mama na kina baba, hamjambo? Mliosimama kule nyuma, viti vipo huku mbele. Msiogope, hatutamuuliza mtu maswali.

Tumeombwa tuzungumzie upasuaji wa retina iliyobanduka kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Tutauzungumzia, tena kwa undani. Lakini mtatuvumilia tukianza mbali kidogo na thieta, kwa sababu matokeo ya upasuaji huu huamuliwa wodini. Mtoto anayetufikia retina ikiwa imebanduka pembeni tu, tuna la kumfanyia. Anayetufikia wiki tatu baadaye, mara nyingi tuna la kumwambia mama yake, basi. Watoto hao wawili wametofautiana kwa tarehe, na tarehe hiyo, ndugu zangu, huandikwa na muuguzi siku ya kuruhusiwa.

Retina ni utando mwembamba unaofunika ukuta wa ndani wa jicho kwa nyuma. Ndio unaopokea mwanga. Mishipa yake ya damu huanza kuota mimba ikiwa na wiki 16 hivi, ikitoka pale unapoingilia mshipa wa fahamu na kutambaa kuelekea kingoni. Upande wa puani hufika karibu na wiki ya 36, upande wa sikioni karibu na wiki ya 40. Sasa mtoto amezaliwa wiki ya 28. Mishipa iko njiani. Anatoka kwenye tumbo lenye oksijeni kidogo, anawekwa kwenye oksijeni nyingi, na mishipa inasimama. Wiki zinapita, retina inakua, inahitaji damu, damu haifiki. Inaanza kutoa kemikali ya kuita mishipa mipya. Mishipa hiyo inaota ovyo, inaacha kutambaa juu ya retina na kupanda ndani ya ute ulioujaza moyo wa jicho. Halafu inageuka kovu. Na kovu, popote lilipo mwilini, hujikunyata.

Ugonjwa huu, retinopathi ya watoto njiti, una hatua tano. Ya 1 ni mstari mwembamba mweupe kwenye mpaka wa mishipa. Ya 2, mstari umevimba ukawa ukingo. Ya 3, mishipa mipya isiyo na adabu imeanza kuchomoza kwenye ukingo ule. Ya 4, retina imeanza kubanduka: 4A makula, yaani ile sehemu ya katikati ya kusomea na kutambua sura za watu, bado imekaa mahali pake, 4B na makula nayo imenyanyuka. Ya 5, retina yote imeachana na ukuta.

Jicho la hatua ya 4A kwa nje likoje? Safi. Mboni ni nyeusi, mtoto anafumba akimulikwa, ananyonya, ananenepa. Mama hana la kuona, nanyi hamna la kuona. Weupe unaoonekana kwenye mboni, ule ambao nyanya anauona akimkogesha mtoto, ni hatua ya 5. Kwa hiyo anayesema “tutarudi tukiona shida” ameshachelewa kabla hajaondoka.

Kuhusu oksijeni, nina kisa cha zamani ambacho wauguzi wanapaswa kukijua. Mwaka 1942 huko Boston, Theodore Terry alieleza juu ya watoto njiti waliokuwa na utando mweupe nyuma ya lenzi. Kwa zaidi ya miaka kumi ugonjwa huu ukapofusha watoto katika nchi zilizokuwa na vifaa bora kuliko zote, na kila kitu kikalaumiwa: vitamini, maziwa, mwanga. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne akanyooshea kidole oksijeni. Huko Washington, Arnall Patz akaamua kulipima jambo lenyewe: kundi moja la watoto lipewe oksijeni nyingi, jingine lipewe pale tu inapohitajika. Mnajua kilichomtatiza ni nini? Wauguzi wa zamu ya usiku. Waliwaonea huruma watoto wa kundi la pili, wakawa wanawafungulia oksijeni daktari akishaondoka.

Mnacheka, lakini nani kati yetu hajawahi kuongeza kidogo “ili mtoto apumzike”? Utafiti mkubwa wa hospitali 18 za Marekani, uliochapishwa mwaka 1956, ukamaliza ubishi: oksijeni nyingi ya muda mrefu inapofusha. Dunia ikakimbilia upande wa pili, oksijeni ikabanwa mno, na watoto wakafa. Ndiyo maana leo hatusemi “punguza oksijeni”. Tunasema ipimwe. Kiwango cha oksijeni ya damu cha kulenga, kwenye kipimo cha kidole au mguu, ni asilimia 90 hadi 95. Majaribio makubwa ya miaka ya karibuni yalilinganisha 85 hadi 89 na 91 hadi 95: kundi la chini lilikuwa na vifo vingi zaidi, la juu lilikuwa na ugonjwa wa macho mwingi zaidi. Hakuna njia ya mkato hapo.

Jambo moja la vitendo. CPAP ya mapovu, yaani kifaa cha kumsukumia mtoto hewa puani, iliyounganishwa moja kwa moja na silinda, bila kifaa cha kuchanganya oksijeni na hewa, inampa mtoto oksijeni ya asilimia 100 hata kama mapovu yanatoka vizuri. Mapovu hupima shinikizo. Kuhusu kiasi cha oksijeni hayakwambii neno. Na king'ora cha kuonya kuwa oksijeni imezidi kisizimwe kwa mtoto aliye kwenye oksijeni. Akisoma 99 huku mrija uko puani, hiyo si habari njema. Akisoma 99 akiwa anavuta hewa ya kawaida, mwacheni alale.

Sasa tarehe. Sikilizeni hesabu hii, ndiyo kiini cha tuliyokuja kusema. Chukua mtoto, si wa mtu fulani, ni mfano tu, aliyezaliwa wiki ya 28 akiwa na gramu 1,050, tuseme Pumwani au Mama Lucy au hospitali yoyote ya kaunti. Uchunguzi wa kwanza wa macho ni wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Umri wake tunauhesabu kwa kujumlisha: 28 na 4, ni 32. Hatua ya 1 imeonekana. Arudiwe baada ya wiki mbili. Wiki ya 34, hatua ya 2. Wiki ya 35 amefika uzito, yuko kwenye kangaruu, yaani amebebwa kifuani kwa mama, ananyonya, kitanda kinahitajika. Anaruhusiwa. Mama ana kijitabu cha kliniki, na ndani yake kuna tarehe ya chanjo. Ya macho haimo. Anapanda matatu kwenda kwa mama yake Makueni, kwa sababu nani atamsaidia kule Kayole?

Wiki ya 36, mtoto akiwa kijijini, mishipa inafika hatua ya 3 ikiwa imevimba na kupindapinda. Hapo ndipo leza au sindano ya jicho inapaswa kutolewa, ndani ya saa 72. Saa 72! Hakuna anayejua. Wiki ya 39 retina inaanza kunyanyuka. Wiki ya 42 makula imeondoka. Mama anarudi Nairobi kwa chanjo ya wiki ya kumi na nne tangu kuzaliwa, tarehe aliyoandikiwa, hajakosa hata siku moja. Mama huyu ana kosa gani?

Kwa hiyo ombi letu kwenu ni dogo. Juu ya jalada la kijitabu, kwa kalamu ya wino, andikeni mistari miwili: wiki za mimba alizozaliwa nazo, na siku, mwezi na mahali pa uchunguzi ujao wa macho. Mtoto asitoke bila mistari hiyo. Mwongozo wenu wa hospitali utawaambia nani achunguzwe; fuateni huo. Sisi tunaongeza tahadhari moja tu. Marekani wanachunguza waliozaliwa wiki ya 30 au chini, au gramu 1,500 au chini. India wamepanua hadi chini ya wiki 34 au chini ya gramu 2,000, kwa sababu pale ambapo oksijeni haichanganywi vizuri, hata watoto wakubwa hupata ugonjwa huu. Mtoto wa kilo 1.8 aliyekaa kwenye oksijeni kwa wiki mbili na kupata maambukizi ya damu, msimwache kwa sababu amevuka mstari.

Na matone ya kupanua mboni: fenilefrini ya asilimia 10 ya watu wazima isikaribie wodi yenu kabisa, hupandisha presha ya mtoto kwa hatari. Tumieni ya 2.5 au hafifu zaidi, tone moja moja, na mpanguse linalotiririka shavuni, maana ngozi ya mtoto njiti hulinyonya.

Je, leza ikitolewa kwa wakati, tumemaliza? Hapana. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2003, macho yaliyotibiwa mapema yalipofuatiliwa hadi miezi tisa, asilimia 9.1 yalikuwa na umbo baya la retina. Yaliyosubirishwa yalikuwa asilimia 15.6. Mapema ni bora, hilo halina ubishi. Lakini hiyo 9.1 ndiyo inayotuleta thieta. Baada ya leza mtoto aonekane kila wiki. Na aliyepewa sindano ya bevasizumabu, dawa ya kuzuia mishipa mipya, wazazi wasidanganyike na utulivu: ugonjwa unaweza kurudi miezi baadaye, kwa hiyo aendelee kuonekana hadi angalau wiki ya 65 kwa ile hesabu yetu ya kujumlisha.

Haya, tuingie thieta.

Mtu mzima retina yake ikibanduka, kwa kawaida kuna tundu. Maji yamepita tunduni yakaenda nyuma yake. Unaziba tundu. Mtoto njiti hana tundu. Retina yake inavutwa, kama turubai la hema lililonyanyuliwa kwa kamba: kata kamba, turubai linashuka lenyewe. Kazi yetu yote ni kuzijua kamba. Iko inayotoka kwenye ukingo kwenda nyuma ya lenzi. Iko ya kutoka ukingo hadi ukingo, ikikatiza jicho. Iko ya kwenda pembeni kabisa, na iko inayorudi hadi kwenye mshipa wa fahamu. Hatukwanyui kila utando unaoonekana. Tunakata mvuto, tunatoka.

Zamani njia ya kawaida ilikuwa kulifunga jicho mkanda wa silikoni kwa nje, ili ukuta usogezwe kuifuata retina. Mkanda ule una deni. Jicho la mtoto linakua haraka, kwa hiyo lazima arudi baada ya miezi michache mkanda ukatwe, na kabla ya hapo umeshamwachia tatizo kali la kutoona mbali. Asiporudi, mkanda unalibana jicho linalotaka kukua. Mwaka 1992 Maguire na Trese wakaeleza njia ya kuondoa ute na kukata mvuto huku lenzi ya mtoto ikiachwa mahali pake. Kwa hatua ya 4A, hiyo ndiyo tunayoichagua.

Lini? Hapa ndipo madaktari wanapokosana, na wana sababu. Ukiingia mishipa ikiwa bado mikali, inavuja damu, na damu hiyo inazaa kovu jipya. Ukingoja sana, makula inaondoka. Mara nyingi nafasi inapatikana kati ya wiki ya 38 na ya 42. Jicho likiwa bado kali, mboni inakataa kupanuka, mishipa imejaa, tunaweza kutanguliza bevasizumabu, miligramu 0.625, nusu ya dozi ya mtu mzima. Lakini msikilize, matabibu: sindano hiyo hukausha mishipa na papo hapo huharakisha kovu kujikunyata. Retina iliyokuwa imenyanyuka kidogo inaweza kubanduka yote. Kwa hiyo asipewe mtoto mwenye kovu tayari halafu akaambiwa arudi mwezi ujao. Anayepewa awe ameshapangiwa thieta katika siku chache zinazofuata.

Usiku wa kabla ya upasuaji ni wenu, wauguzi. Mtoto wa kilo mbili na nusu asifungishwe tangu usiku wa manane; sukari itashuka. Maziwa ya mama yasimame muda wa saa nne kabla ya upasuaji, ya kopo muda wa saa sita. Damu ipimwe. Chumba kipashwe joto mtoto hajaingia. Na kabla ya yote hayo, kitanda cha wodi ya wagonjwa mahututi kiwe kimethibitishwa kwa simu, maana watoto hawa husahau kupumua baada ya nusukaputi. Aangaliwe kwa mashine usiku mzima, hata akionekana mzima. Upasuaji mwingi huahirishwa kwa kukosa kitanda hicho. Daktari yupo, mashine ipo, kitanda hakuna.

Jicho la mtoto wa umri huu lina urefu wa milimita 16 hadi 17. La mtu mzima ni 24 hivi. Lenzi yake ni nene, karibu ya duara, na imechukua nafasi kubwa. Kwa mtu mzima tunatoboa milimita 3.5 hadi 4 nyuma ya ukingo wa konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Ukifanya hivyo kwa mtoto umeshaitoboa retina. Kwake ni nusu milimita hadi milimita moja. Na troka, kile chombo cha kutobolea, haielekezwi katikati ya jicho kama mkono ulivyozoea. Inashuka wima, sambamba na mhimili wa kuona, ipite ubavuni mwa lenzi. Ukielekeza katikati, umeigusa lenzi, na mtoto amepata mtoto wa jicho ambaye hakuja naye.

Vyombo ni vya geji 25 au 27, unene wa nusu milimita au chini yake. Maji yanayoingia jichoni yawe na shinikizo dogo. Kwa nini? Kwa sababu presha ya wastani ya damu ya mtoto huyu akiwa amelala inaweza kuwa karibu 40. Ukiliweka jicho kwenye 60, damu haiingii kwenye retina, nawe unaendelea kukata kwa raha zako huku jicho linakufa. Daktari wa nusukaputi atangaze presha kwa sauti, na mpasuaji ajibu.

Jambo la kuogopwa kuliko yote ni kutoboa retina. Kwa mtu mzima tundu lina dawa: leza, gesi, mafuta. Kwa mtoto ute umeng'ang'ania retina, mvuto hautaisha wote, na tundu likishafunguka, jicho hilo kwa kawaida limepotea. Ndiyo maana mtatuona tukiacha utando ambao mnadhani ungetolewa. Tunauacha kwa makusudi.

Mwishoni tunabadilisha maji kiasi kwa hewa, na vitundu tunavishona vyote kwa uzi unaoyeyuka, namba 8-0. Kwa watu wazima vitundu vya geji hii mara nyingi havishonwi; ukuta wa jicho la mtoto ni laini, haujifungi. Kisha matone ya kupunguza uvimbe, antibiotiki na atropini ya kupanua mboni.

Wazazi huuliza, imeshuka? Siku hiyo bado. Maji yaliyo nyuma ya retina hunyonywa polepole, wiki kadhaa, pengine miezi. Hatua ya 4A, kwenye mikono yenye uzoefu, macho manne kati ya matano au zaidi hutulia. 4B retina hutulia pia mara nyingi, lakini makula ilishanyanyuka, na kuona kunapungua.

Hatua ya 5 tuizungumze waziwazi, kwa sababu hapa watu huuza mashamba. Retina imekunjika ikawa faneli. Lenzi lazima itolewe, utando ubanduliwe tabaka kwa tabaka, na kazi inaweza kurudiwa. Chini ya nusu ya macho hayo retina hutulia, na kutulia si kuona. Wengi wanaofaulu hupata mwanga na vivuli. Mwanga na vivuli si bure, mtoto anayejua dirisha liko wapi hutembea tofauti. Lakini kabla hamjafungua kundi la WhatsApp la harambee ili mtoto apelekwe ng'ambo, fanyeni picha ya mawimbi ya sauti ya jicho, na mumuulize daktari anayetaka kumpasua: faneli iko wazi au imefunga, mbele na nyuma? Umewapasua wangapi wa hatua hii? Wangapi wanaona, na wanaona nini? Akikwepa swali la tatu, fungeni mkoba. Wakati huohuo mtoto afanyiwe tathmini, KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya kule Kasarani, wanafanya, na mafunzo ya kugusa, kusikia na kutambaa yaanze. Hayo hayangoji upasuaji.

Kwa mtoto aliyepasuliwa akaenda nyumbani: matone yasikatizwe hata wekundu wa jicho ukiisha na likionekana zuri. Jinsi ya kumlaza mtaelekezwa kulingana na hewa iliyoachwa jichoni, na hewa hiyo ikiwamo hasafiri kwa ndege. Jicho likiwa jekundu zaidi, likavimba, likatoa usaha, konea ikawa na ukungu, au mtoto akalia na kutapika bila sababu, ni siku hiyohiyo, hata Jumapili. Huenda ni maambukizi au presha ya jicho. Miwani ataihitaji mapema, pengine kabla hajatimiza mwaka, na aliyetolewa lenzi ataihitaji wiki chache tu baada ya kupona, nzito, ya kufungwa kwa mkanda kichwani. Majirani watashangaa. Ivaeni tu, kwani ubongo usiopokea picha safi mwaka wa kwanza huacha kulitumia jicho hilo, hata kama retina imetulia vizuri.

Asanteni. Mwenye swali la mtoto wake mwenyewe, aje pale mezani na kijitabu cha kliniki. Tutaanza na wale ambao jalada lao halina tarehe.